Ira Aldridge: Mtu mweusi aliyeigiza Othello bila kujipaka masizi

Tarehe 25 Machi 1833, mwigizaji Edmund Kean alianguka jukwaani katika ukumbi wa Covent Garden, jijini London. Alikuwa akiigiza Othello, na mwanawe Charles alikuwa akiigiza Iago. Kean alimwangukia mwanawe mikononi, akabebwa na kutolewa nje. Hakupanda tena jukwaani. Mwezi Mei mwaka huohuo akafariki.

Kean alikuwa nyota wa tamthilia za Shakespeare, na Covent Garden ulikuwa mmoja wa kumbi mbili kubwa kuliko zote London. Pengo lake lilihitaji mtu. Tarehe 10 Aprili akasimama mahali pake kijana wa miaka 25, mzaliwa wa New York, mweusi wa kuzaliwa. Othello naye ni mtu mweusi, lakini kwa zaidi ya miaka 200 majukwaa ya Uingereza yalikuwa yamempa nafasi hiyo mzungu aliyejipaka rangi usoni.

Kijana huyo aliitwa Ira Aldridge. Katika makala haya tunasimulia maisha yake. Na kwa kuwa maisha yake hayatenganishiki na tamthilia ya Othello, tutaieleza pia hadithi yake, wahusika wake na dhamira zake, ili mwanafunzi anayesoma fasihi na hata kikundi cha maigizo kijijini kipate cha kushika.

Mtoto wa New York

Ira Aldridge alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa katika himaya yake, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Hata katika jimbo la New York utumwa ulikuwa bado halali, na haukumalizwa hadi mwaka 1827. Wazazi wa Ira walikuwa watu huru. Baba yake, Daniel, alikuwa mhubiri, na alitamani mwanawe amfuate katika kazi ya dini.

Ira alisoma katika shule iliyoitwa African Free School, iliyoanzishwa mwaka 1787 na chama cha watu waliopinga utumwa ili kuwafundisha watoto weusi. Huko alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye maigizo. Wakati huo watu weusi walioingia katika kumbi za New York walitengewa viti vya juu kabisa, mbali na jukwaa.

Mwaka 1821 mtu mweusi aliyeitwa William Brown, aliyewahi kuwa mhudumu melini, alianzisha ukumbi wa weusi wenyewe. Waigizaji wake waliigiza Shakespeare, na Ira kijana akajiunga nao. Kazi hiyo haikuachwa kwa amani. Polisi waliwakamata waigizaji wakiwa jukwaani na kuwataka waache kuigiza Shakespeare. Wahuni wakaja kuvuruga maonyesho na kuwapiga watu. Ukumbi ule haukudumu.

Aldridge akaona kwamba akibaki Marekani, atabaki na kipaji chake mfukoni. Mwaka 1824, akiwa na miaka 17, akafanya kazi melini ili apate kuvuka bahari kwenda Liverpool. Alikuwa na miaka 60 alipofariki, na katika miaka yote hiyo hakurudi kuishi katika nchi aliyozaliwa.

Mwanzo mgumu London

Mwaka 1825 Aldridge alipata nafasi katika kumbi ndogo za London. Miongoni mwa nafasi zake za kwanza ilikuwa Othello, katika ukumbi wa Royalty, upande wa mashariki mwa jiji. Baadaye mwaka huo, katika ukumbi wa Coburg, aliigiza mtumwa anayewaasi mabwana zake. Watazamaji wa kawaida walimpenda. Baadhi ya waandishi wa magazeti hawakumpenda. Mmoja alifika mahali pa kudai kwamba midomo ya mtu mweusi haiwezi kutamka Kiingereza sawasawa.

Mwaka huohuo alimwoa Margaret Gill, mwanamke Mwingereza mzungu. Kwa hiyo kile ambacho Othello anakifanya katika tamthilia, yaani mtu mweusi kumwoa mwanamke mzungu huku jamii ikiguna, Aldridge alikuwa anakiishi nyumbani kwake.

Matangazo ya maonyesho yalimwita Roscius wa Afrika. Roscius alikuwa mwigizaji maarufu wa Roma ya kale ambaye alizaliwa mtumwa. Aldridge pia aliacha isambae hadithi kwamba yeye ni wa ukoo wa kifalme kutoka Senegal. Haikuwa kweli. Lakini mwigizaji anayetafuta watazamaji alijua kwamba mtoto wa mfalme kutoka mbali huuza tiketi nyingi kuliko mtoto wa mhubiri wa New York.

Mwaka 1828, akiwa na miaka 20 tu, alikabidhiwa usimamizi wa ukumbi wa maonyesho katika mji wa Coventry. Ni mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kusimamia ukumbi nchini Uingereza. Baada ya kuwaona na kuwasikia Aldridge na wenzake, watu wa Coventry waliandika ombi Bungeni kutaka utumwa ukomeshwe.

Hadithi ya Othello kwa kifupi

Ili kuelewa kilichompata Covent Garden, lazima tuijue tamthilia yenyewe. Shakespeare aliiandika mwanzoni mwa miaka ya 1600, na onyesho la kwanza linalojulikana lilifanyika London mwezi Novemba 1604, mbele ya mfalme.

Othello ni jenerali katika mji wa Venisi, Italia. Ni mtu mweusi, mgeni katika mji ule, lakini watawala wanamtegemea vitani. Anampenda Desdemona, binti wa mzee mkubwa wa mji aitwaye Brabantio, naye Desdemona anampenda. Wanaoana kwa siri. Baba anapopata habari anadai kwamba bintiye amerogwa, kwa sababu haamini kwamba angeweza kumpenda mtu mweusi kwa hiari yake. Binti anaitwa mbele ya watawala na anasema wazi kwamba amemchagua mumewe mwenyewe.

Wakati huohuo Othello amempandisha cheo kijana Cassio kuwa msaidizi wake. Iago, ofisa aliyetarajia cheo kile, anaona uchungu. Anaapa kumwangamiza Othello, lakini usoni anajifanya rafiki mwaminifu.

Wote wanatumwa kisiwa cha Kupro kupambana na Waturuki. Dhoruba inaziharibu meli za Waturuki, vita vinaisha kabla ya kuanza, na Iago anapata nafasi ya kusuka fitina. Kwanza anamlewesha Cassio hadi anapigana akiwa zamu, na Othello anamvua cheo. Kisha anamshauri Cassio amwombe Desdemona amtetee kwa mumewe. Halafu anamwendea Othello na kumdokeza, kidogo kidogo, kwamba huenda mkewe anamtetea kijana yule kwa sababu ni mpenzi wake.

Othello anataka ushahidi. Ushahidi unapatikana kwa njia ya leso. Ni leso ambayo Othello alimpa mkewe kama zawadi ya kwanza. Desdemona anaidondosha, Emilia mke wa Iago anaiokota na kumpa mumewe, na Iago anaitupa chumbani kwa Cassio. Othello anapoiona mikononi mwa Cassio, haulizi zaidi. Usiku anamziba mkewe pumzi kitandani hadi anakufa. Emilia anakuja, anaelewa kilichotokea, na anaufichua uovu wa mumewe mbele ya watu wote. Iago anamuua kwa kumchoma. Othello anapotambua kwamba mkewe hakuwa na kosa, anajiua.

Wahusika wa kuwatazama

Othello si mjinga. Ni shujaa aliyezoea vita, ambako adui anasimama mbele yako. Udhaifu wake ni kwamba anamwamini askari mwenzake kuliko mkewe, na kwamba moyoni ana wasiwasi wa mgeni: huenda kweli watu hawa hawanipendi.

Iago ndiye kikulacho ki nguoni mwako. Tazameni jinsi anavyofanya kazi. Mara nyingi hasemi uongo mzima. Anauliza swali, ananyamaza, anajifanya hataki kuendelea, na kumwacha mwenzake amalizie mwenyewe. Mwanafunzi akiulizwa kwenye mtihani Iago anatumia mbinu gani, jibu ni hilo.

Desdemona ana ujasiri wa kusimama mbele ya baba yake na mji mzima. Emilia ni mhusika mdogo anayekua. Anaanza kama mke anayemtii mume, anamaliza kama shahidi pekee anayethubutu kusema ukweli, na anaulipia kwa uhai wake. Cassio ni mtu mwema mwenye udhaifu wa pombe, na udhaifu huo mmoja unatosha kuwa mlango wa fitina.

Dhamira ambazo hazijazeeka

Dhamira ya kwanza ni wivu, na jinsi unavyokula ndani kwa ndani. Ya pili ni husuda kazini: mtu mmoja kukosa cheo, na nyumba nzima kuangamia. Ya tatu ni rangi na ugeni. Venisi inamtaka Othello siku ya vita, lakini haimtaki awe mkwe. Ya nne ni hali ya wanawake, ambao wanahukumiwa bila kuulizwa.

Ya tano tungependa mwizingatie zaidi, hasa sisi tunaotembea na simu. Ni dhamira ya ushahidi. Leso ile ilikuwa ya kweli. Haikughushiwa. Kilichokuwa cha uongo ni maelezo yaliyoambatana nayo. Leo leso yaweza kuwa picha iliyopigwa kwa mbali, namba isiyojulikana kwenye simu ya mwenzako, au ujumbe uliokatwa mwanzo na mwisho na kusambazwa kwenye kundi. Kabla ya kuuliza leso imekutwa kwa nani, ulizeni kwanza nani ameipeleka pale.

Usiku mbili Covent Garden

Sasa turudi Aprili 1833. Wakati ule Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili kukomesha utumwa katika makoloni yake. Wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi walipigana kwa kila njia kuzuia, na baadhi ya magazeti yalikuwa upande wao. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba mtu mweusi ana akili pungufu na hawezi kujitawala.

Katikati ya mabishano hayo akapanda Aldridge kwenye jukwaa la heshima kuliko yote, akazungumza lugha ngumu ya Shakespeare kwa saa kadhaa bila kuteleza. Desdemona wake alikuwa Ellen Tree, mwigizaji maarufu mzungu. Kila aliyekuwa ukumbini aliweza kuona kwamba hoja ya wenye watumwa inavunjika mbele ya macho yake.

Watazamaji walimshangilia. Baadhi ya magazeti yalimshambulia hata kabla hajapanda jukwaani, na baada ya onyesho mengine yakaandika kwa hasira. Gazeti moja lililalamika kwa niaba ya Ellen Tree, likiona ni aibu mwanamke wa heshima kushikwashikwa na mtu mweusi. Yaani mwandishi yule alirudia karibu yaleyale aliyoyalalamikia Brabantio katika tamthilia, bila kujiona.

Aldridge aliigiza tarehe 10 na tarehe 12. Baada ya hapo akaondolewa. Usiku mbili tu. Mwezi Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa, na wamiliki wa watumwa wakatengewa fidia ya pauni milioni 20. Watumwa wenyewe hawakupewa fidia yoyote.

Maisha ya barabarani

Mtu mwingine angekata tamaa. Aldridge alifunga mizigo akaenda mikoani. Kwa karibu miaka 20 alizunguka miji midogo na mikubwa ya Uingereza, Scotland na Ireland, akiigiza popote palipokuwa na jukwaa. Wakati mwingine katika onyesho lake la mwisho mjini alisimama mbele ya watazamaji na kuzungumzia udhalimu wa utumwa.

Aliongeza pia nafasi nyingine. Aliigiza Shylock, yule mkopeshaji ambaye Waswahili wanamjua kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1969. Aliigiza Macbeth, Richard wa Tatu na Mfalme Lear. Kwa nafasi hizo alijipaka rangi nyeupe. Kama mzungu aliweza kujipaka masizi awe Othello, yeye aliona hakuna sababu asijipake chokaa awe Lear. Hata tamthilia ya Titus Andronicus, ambayo ndani yake Aaron, mtu mweusi, ni mwovu kupindukia, ilibadilishwa kwa ajili yake ili Aaron awe shujaa.

Mwaka 1852 alivuka tena maji, safari hii kwenda bara la Ulaya. Alianzia Ubelgiji, akaenda Ujerumani, Austria, Hungaria na kwingineko. Yeye aliigiza kwa Kiingereza huku waigizaji wenzake wakimjibu kwa lugha yao, na watazamaji wengi hawakujua Kiingereza hata kidogo. Lakini walilia. Mfalme wa Prussia alimpa nishani ya dhahabu ya sanaa na sayansi. Kile London ilichomnyima, wafalme wa Ulaya walimpa. Ni kweli kwamba nabii hakubaliki kwao, na Aldridge alikuwa na kwao mbili.

Rafiki wa St. Petersburg

Mwishoni mwa mwaka 1858 Aldridge alifika St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo. Huko alikutana na Taras Shevchenko, mshairi na mchoraji mkubwa wa Ukraine. Shevchenko alizaliwa katika hali ya utwana, yaani mkulima aliyekuwa mali ya mwenye ardhi. Rafiki zake walimnunulia uhuru mwaka 1838, na baadaye serikali ikampeleka uhamishoni kwa miaka kumi kwa sababu ya mashairi yake.

Wawili hawa hawakuwa na lugha moja. Msichana mdogo wa nyumba waliyokuwa wakitembelea alikuwa akiwatafsiria. Mmoja alitoka katika watu waliouzwa ng'ambo ya bahari, mwingine katika watu waliouzwa pamoja na shamba. Walielewana. Shevchenko alichora sura ya Aldridge, na mchoro huo upo hadi leo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1861, Urusi ikafuta utwana.

Nyumbani kwake

Tusimpake Aldridge mafuta kupita kiasi. Jukwaani alimwigiza mume aliyeteswa na wivu, lakini nyumbani yeye ndiye aliyekosa uaminifu. Alipata watoto nje ya ndoa yake na Margaret, wakiwemo aliowapata na Amanda von Brandt, mwanamke kutoka Sweden. Margaret aliugua kwa muda mrefu na kufariki mwaka 1864. Mwaka uliofuata Aldridge akamwoa Amanda. Wakati huo alikuwa tayari raia wa Uingereza, tangu mwaka 1863.

Watoto wake kadhaa walishika muziki. Binti yake Amanda, aliyezaliwa mwaka 1866, alikuwa mwimbaji, mtunzi na mwalimu wa sauti. Miongoni mwa aliowafundisha ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyeigiza Othello jijini London mwaka 1930, na New York mwaka 1943. Kwa hiyo kazi ya baba ilipita mikononi mwa binti ikamfikia mrithi.

Mwisho wa safari

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa katika nchi aliyozaliwa. Ikaanza mipango ya Aldridge kwenda kuigiza huko, zaidi ya miaka 40 tangu alipoondoka kijana. Safari hiyo haikufanyika. Alikuwa katika ziara nchini Poland alipougua mapafu, na tarehe 7 Agosti 1867 akafariki katika mji wa Łódź, jina ambalo hutamkwa karibu na Wuch. Alikuwa ametimiza miaka 60 wiki mbili tu zilizopita. Alizikwa hukohuko, katika makaburi ya Wainjilisti.

Kwetu Afrika Mashariki, mwaka ule watu bado walikuwa wakinunuliwa na kuuzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka sita baada ya kifo chake.

Leo katika mji wa Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare, jina la Aldridge limewekwa ukumbini pamoja na majina ya waigizaji wengine wakubwa wa kazi za Shakespeare. Mwaka 2017 mji wa Coventry nao ulibandika kibao cha kumbukumbu pale aliposimamia ukumbi akiwa na miaka 20. Kaburi lake kule Łódź linatunzwa.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani, tunashauri uisome Othello mara mbili. Mara ya kwanza fuata hadithi. Mara ya pili mfuate Iago peke yake, uandike kila anapouliza swali badala ya kusema jambo. Na kwa vikundi vya maigizo vijijini: tamthilia hii haihitaji mapambo mengi. Inahitaji kitanda, taa, leso moja, na mtu wa kuthubutu kuigiza Emilia hadi mwisho. Tukijaliwa tukutane tena katika makala yajayo.